Wazee Tuliowaambia Wapumzike

Siku ya kuniaga mlinipa vitenge, keki na kiti cha plastiki chenye mikono, kisha mkanipigia makofi mkisema, "Mama Mazoezi, sasa kapumzike." Vitenge nimeshona. Keki wameimaliza wajukuu. Kiti nimekitia stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, na kama hamjui kwa nini nimekitia huko, basi kuna jambo la kazi yetu ambalo sikuwafundisha vizuri. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mliniomba nieleze jinsi nilivyopanda vyeo. Sitaeleza. Vyeo vyangu vilikuja kwa kuchelewa na jina langu likiwa limekosewa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika kuhusu wazee wanaume, kwa sababu hao ndio walionitoa jasho kuliko wagonjwa wengine wote. Mwanamke mzee ukishamwinua kitandani, baada ya siku chache utamkuta jikoni anagombana na mtu. Mwanaume mzee unaweza kumfanyia kila kitu sawasawa, mguu ukapata nguvu, mkono ukapata nguvu, naye akakaa pale pale akisubiri kufa. Hapa Mpanda tulikuwa na jibu jepesi la jambo hilo. Tulisema ni kabila lake. Nataka jibu hilo liondoke kwenye chumba chetu kama nilivyoondoka mimi, na sitapumzika kabla sijasema kwa nini.

Nilifika Mpanda kwa treni ya kutoka Tabora, nikiwa na begi moja na cheti kipya cha mazoezi ya viungo nilichokuwa nakitoa kila stesheni kuhakikisha bado kipo. Chumba cha mazoezi cha hospitali kilikuwa stoo ya magodoro mabovu. Hapakuwa na kifaa hata kimoja. Palikuwa na Bwana Nsokolo, mtu mrefu, mkimya, mvuta ugoro, aliyejifunza kazi hii jeshini na ambaye hakuamini kitu chochote kinachotumia umeme. Aliniambia tuanze kwa kuyapanga yale magodoro sakafuni, maana mgonjwa wa kiharusi lazima ajifunze kugeuka kabla ya kujifunza kusimama. Tukayapanga. Tulishona mifuko ya turubai tukaijaza mchanga ikawa mizigo ya kunyanyulia miguu. Rimu ya baiskeli tuliifunga kwenye boriti, tukapitisha kamba, ikawa puli ya kunyoosha bega. Zile mbao mbili ndefu mnazowashikiza wagonjwa wanapojifunza kutembea zilichongwa na seremala wa Kawajense kwa mninga, na zimeshaona vifaa viwili vya chuma vya msaada vikija na kuharibika.

Bwana Nsokolo alikuwa na tabia moja iliyonishangaza. Kila mzee mwanaume aliyeletwa kwake, kabla hajamgusa, alimsalimia shikamoo, akavuta kigoda akakaa chini kuliko mgonjwa, kisha akamuuliza, "Tuanzie mguu upi, mzee?" Chuoni tulifundishwa mguu wa kuanzia, na siyo mgonjwa anayeuchagua. Siku moja nikamuuliza kwa nini anapoteza muda. Akapangusa ugoro puani, akasema, "Huyu amevuliwa nguo na watoto wadogo. Amelishwa uji kwa kijiko. Amepelekwa chooni na mwanamke asiyemjua. Mwachie hata mguu." Akarudi kwenye kazi yake, na sikumbuki kama aliwahi kunieleza zaidi ya hapo. Alistaafu akaenda kulima Kasokola, mimi nikabaki na magodoro.

Sasa niwaambie kuhusu lugha ya wodini, maana baadhi yenu mliikuta na mkaipokea. Mji wetu umechanganyika. Wako Wabende na Wakonongo wenyeji, wako Wapimbwe wa kule bondeni wanaolima mpunga, wako Wafipa kama mimi, wako Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wako na Warundi. Asubuhi kwenye makabidhiano ya zamu, chai mkononi, utasikia: kitanda cha dirishani Msukuma, huyo atainuka, kitanda cha mlangoni Mpimbwe, huyo andaeni ndugu zake. Ilisemwa bila ubaya, kama mtu anavyosema mvua itanyesha. Yale yaliyosemwa kuhusu Wafipa siyaandiki, kwa sababu nusu yake yalihusu uchawi na nusu yalihusu mapishi yangu.

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yalionekana ya kweli. Wazee wa Kisukuma kweli waliinuka haraka. Wengi wao walitoka wakitembea, wamenyooka, wakidai fimbo zao. Wazee wa Kipimbwe wengi walitoka wamekaa. Na mtu akiona jambo kwa macho yake mara nyingi, haulizi tena.

Kisha katika msimu mmoja wakaletwa Mzee Masunga na Mzee Laurenti. Masunga alikuwa mfugaji kutoka Kasekese. Laurenti alikuwa mkulima wa mpunga na mrina asali kutoka upande wa Usevya, Mpimbwe kabisa, Mkatoliki wa rozari shingoni. Walilingana umri kwa kukadiria. Wote kiharusi, wote upande wa kulia, wote mdomo umekwenda upande na maneno yanatoka kwa shida. Vitanda vyao vilipakana. Kama mtu angetaka kupima makabila mawili kwenye mizani, asingepata mizigo iliyolingana kuliko hiyo.

Niliwafanyisha mazoezi yale yale. Kugeuka, kukaa ukingoni mwa kitanda, kusimama kwa kushika mbao, kuokota maharage kutoka bakuli moja kwenda jingine kwa vidole vilivyolala. Masunga aliokota maharage huku akinung'unika. Laurenti aliyatazama tu. Nilipomwekea mpira wa makaratasi mkononi aukamue, ulidondoka, na hakuangalia hata ulikodondokea.

Shija, mwana mkubwa wa Masunga, alikuja mara kwa mara kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Aliingia, akachuchumaa kando ya kitanda, akasalimia kwa Kisukuma, kisha akaanza kutoa taarifa. Ng'ombe fulani kazaa. Mtamba fulani haonekani. Jirani analalamika kuhusu shamba. Mzee alijibu kwa ule mdomo nusu, mate yakimtoka, neno moja moja, na Shija alingoja. Hakuwahi kummalizia sentensi. Wakati mwingine jibu moja lilichukua muda ambao mimi ningekuwa nimeshahudumia mgonjwa mwingine, naye kijana amechuchumaa tu, macho chini, anangoja.

Mzee Laurenti alikuwa na binti yake Oliva, mwalimu wa shule ya msingi, anayeishi Kawajense. Sijawahi kuona mtoto anayempenda baba yake kiasi kile. Alimwogesha, alimpaka mafuta, alimpikia uji wa ulezi akautia siagi ya karanga, alimkata kucha. Nilipomsalimia mzee, "Umeamkaje leo?" Oliva alijibu, "Ameamka vizuri, mama." Nilipomuuliza mzee kama mguu unauma, Oliva alijibu kwamba jana uliuma kidogo. Mzee alikuwa amefungua mdomo, kisha akaufunga. Niliiona hiyo. Nilidhani ni uchovu.

Masunga alitoka hospitalini akitembea na mkongojo. Laurenti alitoka kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, akapelekwa nyumbani kwa binti yake mjini. Wote wawili walipewa ushauri ambao sisi watu wa hospitali tunautoa tukiwa tumeshafungua mlango: mzee ana presha, mzee asisumbuliwe, mzee apumzike. Wodini wakasema, si mmeona? Kabila.

Nilikuwa na kawaida ya kuwapitia wagonjwa wa karibu baada ya kazi, kwa hiyo nyumba ya Oliva niliifahamu. Mzee Laurenti alikaa barazani, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, shati jeupe limepigwa pasi, akitazama ukuta wa jirani. Miezi ilipita, akaanza kukonda. Chakula kilirudi kama kilivyokwenda. Daktari alimpima kila alichoweza kupima akasema haoni kitu. Oliva alinipa mkono mlangoni akaniuliza kama kuna vitamini nzuri, au sindano yoyote ya kuleta hamu ya kula, nikaona macho yake yamevimba. Alikuwa anampoteza baba yake barazani kwake, mchana kweupe, na alikuwa amefanya kila kitu.

Nilimuuliza habari za nyumbani Usevya. Akasema wamemaliza zote. Wakati mzee bado yuko wodini, yeye na kaka yake Festo aliyeko Mbeya walikubaliana kila kitu: majaruba ya mpunga yamekodishwa, mizinga ya nyuki amepewa binamu yao Deo, mbuzi wameuzwa, nyumba imefungwa. Walitaka akitoka asiwe na jambo hata moja la kumsumbua. Alilisema kwa fahari, na kwa kweli ilikuwa kazi kubwa kuikamilisha akiwa darasani kila siku.

Msimu wa mvua uliofuata, Mzee Masunga akarudishwa. Alibebwa kwenye gari la kukodi amelazwa kwenye mkeka. Miguu iliyotembea ilikuwa imekakamaa, vidonda vya kulala vimeanza kiunoni, na hakuwa amepata kiharusi kingine. Daktari alimpima mara mbili kuhakikisha. Alikuwa ameacha tu kuinuka. Alinitazama kama Laurenti alivyonitazama, yaani hakunitazama. Kwenye makabidhiano ya asubuhi muuguzi mmoja akasema labda mama yake hakuwa Msukuma. Tulicheka, lakini mimi nilikwenda chumbani kwangu nikakaa juu ya magodoro nikiwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani.

Katika wiki hizo alifika binti mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu. Nilijiandaa kumchukia, maana watafiti huwa wanatumia chumba changu na hawarudishi viti. Huyu alirudisha. Alinieleza kwamba nchi za nje wasomi huwalinganisha wazee weusi na wazee weupe, nani anazeeka na afya yake, na nani anajiona bado ameshika usukani wa maisha yake mwenyewe, na kwamba mara nyingi watu hukimbilia kusema ni rangi kabla ya kuuliza huyo mzee anaishije. Yeye alitaka kuuliza hayo hayo kwetu, kwa makabila. Tatizo lake lilikuwa swali. Alikuwa akiwauliza wazee kama wanaona wana uwezo wa kuamua mambo ya maisha yao, na wote, Msukuma kwa Mpimbwe, Mkristo kwa Mwislamu, walimjibu kwamba anayeamua ni Mungu. Angewezaje kubishana na hilo?

Nilimpeleka kwa Mzee Laurenti. Oliva alituletea chai, akakaa. Binti aliuliza swali lake, mzee akaelekeza kidole juu mbinguni, kama wengine. Kisha binti akaliweka swali upya, kwa sauti ya mtu anayejaribu: "Babu, mara ya mwisho umesema jambo lifanyike, likafanyika, ilikuwa lini?"

Oliva akafungua mdomo. Binti akainua kiganja, kwa adabu tu, bila kumtazama, na tukangoja. Chai ilipoa. Mzee Laurenti aliutazama ukuta wa jirani, akahangaika na ulimi wake, akahangaika tena.

"Kabla ya hospitali," akasema.

Oliva aliinuka akakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa vimejaa.

Nataka mlielewe vizuri hili, maana ndipo kazi yangu ilipogeuka. Masunga alipoinuka mara ya kwanza, hakuinuka kwa damu ya Kisukuma. Aliinuka kwa sababu kila alipofumbua macho palikuwa na mtu amechuchumaa anangoja neno lake. Laurenti hakulala kwa damu ya Kipimbwe. Na wazee wengi wa Kipimbwe tuliowaona wakilala, ukiangalia, watoto wao ni walimu, makarani na wauza maduka wa mjini, wenye nyumba za bati na moyo mzuri, wanaomchukua baba kutoka shambani na kumweka barazani. Wasukuma wengi wa wakati ule walirudishwa bomani kwenye mifugo yao. Tulichokuwa tunakiita kabila kilikuwa ni mahali mzee alipopelekwa akitoka kwetu na nani aliyeongea kwa niaba yake.

Lakini sikuwa bado najua kilichompata Masunga. Shija alipokuja kumwona nikamwambia anipakie kwenye pikipiki, nikaenda Kasekese. Mgongo wangu unaikumbuka safari ile mpaka leo. Tulipofika nikaomba kuona mzee anapolala. Ni nyumba nzuri ya tofali, mlango unatazama mbele, na mbele yake palikuwa na mahindi, mahindi ya ajabu, marefu, ya kijani iliyokolea. Nikauliza mbolea gani wanatumia. Shija akasema hapo ndipo zizi lilipokuwa. Wamelihamishia kule nyuma, ng'ambo ya korongo.

"Mama, si nyie ndio mlisema asisumbuliwe?" akaniambia. "Kwetu usumbufu ni ng'ombe. Wanalia, wanapiga kelele alfajiri, wanapotea. Tukaona tumwondolee. Hata watoto nimewakataza wasimpelekee habari za malishoni. Nikawa naamua mwenyewe, yeye apumzike."

Alikuwa amefuata ushauri wetu kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumpa ushauri. Niliyatazama yale mahindi na nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikamwambia, "Mrudishieni usumbufu wake."

Hakunielewa mara moja, nikaeleza. Zizi lilishajengwa, lisingehama tena msimu ule, lakini ng'ombe wangeweza kupitishwa mbele ya mlango wa mzee asubuhi wakienda na jioni wakirudi, hata kama njia ni ndefu. Na kila siku kuwe na jambo moja la kweli la kumuuliza. Nilisisitiza liwe la kweli. Mzee anajua akiulizwa swali la kumfurahisha, kama mtoto anavyojua akipewa kazi ya kumpotezea muda. Shija akafikiri, akasema kuna dume la plau linachechemea, yeye alikuwa anataka kulipeleka mnadani kabla halijashuka bei. Nikamwambia amuulize baba yake, na atakachosema kifuatwe.

Mzee alitibiwa vidonda akarudi nyumbani. Aliulizwa. Akasema dume litibiwe, lisiuzwe. Likatibiwa. Likafa.

Shija alikuja hospitalini akiwa amevaa uso wa kunishitaki. Alisema mzee amekosea, dume limekufa, na wangeuza wangepata kitu. Nikamuuliza kama yeye, tangu aanze kuamua, hajawahi kupoteza ng'ombe kwa uamuzi wake. Akakuna kichwa. Kisha, kama mtu anayetoa habari ndogo mwishoni, akasema wakati wanalichuna lile dume walimwona mzee anakuja. Alikuwa ameshika mkongojo na hakuna aliyemshika yeye. Alipita kwenye mahindi, akafika, akawagombeza wote kuhusu namna wanavyochuna, akagomba mpaka jioni. Nilimwambia Shija hiyo ndiyo habari njema kuliko zote nilizosikia mwaka ule. Alicheka, hatimaye. Mzee Masunga aliendelea kutembea na kugomba kwa miaka, na wakwe zake walinilaumu mimi.

Liandikeni hili mahali mtakapoliona: mzee akipewa uamuzi, apewe pamoja na haki ya kukosea. Uamuzi usioweza kukosea si uamuzi, ni pipi. Ndugu watawaambia hawawezi kumwachia kwa sababu ataharibu. Waulizeni wao wameharibu mangapi. Nami nalisema hili nikiwa upande wa pili sasa. Juzi mwanangu wa kwanza alikuwa anaelewana na fundi wa bati kuhusu paa la nyumba yangu, nikamsikia anasema, "Mama amependa hili la bluu." Mama hakuwa ameliona.

Nilipopata uhakika kwa Masunga, nilirudi Kawajense na sikuzunguka. Nilimuuliza Mzee Laurenti, Oliva akiwapo, anataka nini. Alikuwa na jibu tayari, na nadhani alikuwa nalo kwa muda mrefu. Alitaka kurudi kwake Usevya.

Kikao kilikaa sebuleni siku ya Jumapili baada ya misa. Oliva, mumewe, mimi, mzee kwenye kiti chake, na Festo wa Mbeya kwenye simu iliyowekwa mezani juu ya kitambaa. Festo alianza kwa kusema haiwezekani. Nani atampa dawa? Nani atampeleka choo cha shimo? Umeme hakuna, hospitali mbali. Watu watasema watoto wamemtelekeza baba yao porini wakati wana nyumba mjini. Hilo la mwisho alilisema mara mbili, na Oliva akainamisha kichwa, kwa sababu yeye ndiye angekutana na hao watu sokoni na kanisani.

Sikuwaambia wana wasiwasi wa bure. Niliwaeleza kinachowezekana. Deo na mkewe wahamie kwenye ua wa mzee. Kitanda kiinuliwe kwa tofali ili asimame bila kuvutwa, na mkono uliopooza mtu asiuvute kamwe. Seremala atengeneze kiti chenye tundu cha kukaa juu ya shimo la choo. Kamba ifungwe kutoka mlangoni mpaka chooni, aishike. Dawa za presha achukue zahanati ya pale. Mizinga arudishiwe, hatapanda mti tena, lakini Deo atafuata maelekezo yake, na kamba za kuning'inizia azisokote yeye, maana kusokota kamba za magome ni mazoezi bora ya vidole kuliko mpira wangu wa makaratasi alioukataa.

Festo alinisikiliza, kisha akaniuliza kwa heshima, kama mtaalamu, nimwambie ukweli: baba ataanguka au hataanguka?

Nikasema ataanguka.

Oliva alianza kusema jambo, akaishia katikati. Ndipo mzee aliposogea mbele kwenye kiti chake, na safari hii hakuna aliyemsaidia.

"Hata hapa nimeanguka," akasema, akitafuta kila neno. "Hamkuona, kwa kuwa nimekaa."

Oliva alilia. Alilia kwa uchungu na hasira, na kwa muda nilikuwa mimi niliyelengwa na hasira hiyo, kwa sababu mtu aliyetoa kila alichonacho hapendi kuambiwa kwamba amezidisha. Alinikumbusha kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimsifu wodini kwa uji wa ulezi. Nilimwambia ni kweli, na uji ulikuwa mzuri. Mwishowe akajifuta kwa kanga, akamgeukia baba yake, akamuuliza ni lini anataka kuondoka. Aliuliza, na akangoja jibu mpaka likatoka.

Asubuhi ya safari niliwasindikiza stendi. Gari la Usevya lilikuwa limeshajaa, kondakta anapiga bodi. Mzee alitaka kufunga vifungo vya koti lake mwenyewe, kwa ule mkono. Kondakta alisema wanachelewa, mbuga ya njiani ina mbung'o jua likipanda. Oliva alisimama mbele ya baba yake, mikono ameiweka nyuma ya mgongo na kuishikilia, machozi yanamtiririka, mpaka kifungo cha mwisho kikaingia.

Mzee alianza kula ugali wa Deo ndani ya wiki ya kwanza. Nilikwenda kumwona mara mbili. Alisokota kamba vibaya, akazifumua, akazisokota tena. Alimgombeza Deo kuhusu mti wa kuning'inizia mizinga. Alikuwa hajapona, mguu wake ulibaki mzito, na chumba chake kilikuwa na moshi ambao nisingeuruhusu wodini. Alikuwa na habari nyingi za kuniambia na hakutaka niondoke kabla hajazimaliza.

Kisha, muda mfupi kabla ya mimi kustaafu, Oliva akanipigia simu mchana. Alisema baba ameanguka chooni. Nyonga haikuvunjika, lakini amechubuka vibaya, na yeye Oliva alikuwa anatoka huko kumwona. Nikangoja lawama, nikajiandaa kuzipokea zote. Nyuma ya sauti yake nilisikia injini na watu wakipiga mbung'o kwa kanga.

Aliniambia alikwenda na gari la kukodi ili amrudishe mjini siku hiyo hiyo. Alikuwa ameshatandika kitanda chake Kawajense. Festo alikuwa ameshakubali. Alipofika, mzee alikuwa amelala, paji la uso limefungwa kitambaa, na Oliva akapiga magoti pale.

"Nikamuuliza, mama," akasema. "Sikumwambia. Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Kasema anabaki."

Nikauliza, na wewe je?

"Gari la kukodi nimelirudisha tupu, nikabaki naye kidogo," akasema. "Mimi niko kwenye basi, narudi kazini."